Kusafisha damu ICU hapa Tabora: manesi nyota tano, dirisha la malipo nyota mbili

Kwa ujumla nawapa nyota nne, na ile moja waliyoikosa haihusiani kabisa na manesi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, nitaieleza huko chini.

Nauza dawa kwenye duka Isevya, na tangu baba mdogo atoke hospitali watu hawaishi kuniuliza, eti ni kweli Tabora wanasafisha damu kwa mashine kwa mgonjwa mahututi ambaye figo zimegoma au ni maneno tu na ukiwa hoi lazima ukimbizwe Mwanza au Dodoma. Nimechoka kurudia yale yale huku nahesabu vidonge vya mtu, kwa hiyo naweka yote hapa, anayetaka asome. Hospitali siitaji jina kwa sababu kuna watu nitawasema kidogo na sitaki kesi. Jibu fupi ni kwamba wanafanya, na wanafanya vizuri kuliko nilivyotegemea, ila kinachookoa mtu pale ni nesi aliyekaa pembeni ya ile mashine, maana mashine yenyewe ni ya kawaida tu na wala siyo mpya.

Baba mdogo ni mkulima wa tumbaku upande wa Urambo. Alijikata mguu na jembe, kidonda kikavimba, yeye akawa anajitibu na diklofenaki, zile dawa za maumivu, za duka la kijijini na mizizi ya kuchemsha aliyopewa na jirani, mpaka siku akaanza kuongea vitu havieleweki ndo wakampakia kwenye Noah wakamleta mjini. Pale mapokezi presha ilikuwa chini sana, anahema haraka haraka, mguu wa moto, na ukimuuliza mama mdogo mara ya mwisho kukojoa ni lini anakuangalia tu. Dokta akasema ni sepsisi, yaani maambukizi ya kidonda yameshaingia mwilini mzima na mwili wenyewe unajishambulia, na figo zimegoma. Hapo mwenye kujua dawa anaelewa, presha ikishuka figo hazipati damu ya kutosha, ukiongeza diklofenaki ambayo nayo inabana mishipa ya figo, ukiongeza mizizi isiyojulikana ina nini, figo zinazima. Haya mambo ya diklofenaki kuuzwa kama pipi ntayaandika siku nyingine, sisi wauza dawa tunajuana.

Walimpeleka ICU siku hiyo hiyo. Dripu, antibayotiki, mpira wa mkojo, na ile dawa ya kupandisha presha, noradrenalini, inayopita kwenye pampu ya sindano tone kwa tone. Kidonda kikafunguliwa kikakamuliwa kikasafishwa, na dokta alisisitiza sana kwamba hiyo ndo tiba yenyewe, mashine ya damu haitibu sepsisi, mashine inashika nafasi ya figo wakati antibayotiki zinapigana. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanadhani damu ikishasafishwa basi ugonjwa umetolewa na maji.

Sasa lawama ya kwanza ya ndugu ilikuwa hii: mbona hawamweki kwenye mashine? Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonesha hali ya figo, imepanda, mkojo kwenye mfuko ni wa kahawia na hata haujafunika chini, mashine tunaiona ile pale kona imefunikwa shuka, na bado tunaambiwa tusubiri. Shangazi alipandisha sauti mpaka mlinzi akaja. Akaanza kusema wanasubiri hela, wenye hela wangeshawekwa. Mimi sikumjibu, kwenye ukoo wetu shangazi hajibiwi, ila dokta alitoka mwenyewe akakaa nasi kwenye benchi chini ya mwembe akaeleza, na alieleza kwa Kiswahili cha kawaida siyo kile cha kuficha. Alisema wanaangalia vitu vinne vitano: potasiamu ikipanda sana, damu ikiwa na asidi nyingi, mapafu yakijaa maji na dawa za kukojoa hazifanyi kazi, au uchafu ukiwa mwingi mpaka mtu anachanganyikiwa au utando wa moyo unavimba, na wale waliokunywa sumu fulani. Bila hivo wanapambana na dripu na dawa kwanza, maana figo zingine zinarudi zenyewe na mashine nayo ina hatari zake.

Nikasema hebu nikaangalie kama ni kweli au tunapigwa blahblah. Ni kweli. Kuna utafiti mkubwa unaitwa STARRT-AKI, ulitoka 2020, wagonjwa wa ICU karibu 3,000 kwenye nchi 15, nusu wakawekwa kwenye mashine mapema na nusu wakasubirishwa mpaka kuwe na sababu ya msingi. Baada ya siku 90 waliokufa ni karibu sawa kabisa, 43.9 kwa mia upande mmoja na 43.7 upande wa pili. Na kati ya waliosubirishwa, zaidi ya theluthi moja hawakufika kwenye mashine kabisa, wengine kwa sababu figo zao ziliamka zenyewe. Afu cha ajabu zaidi, kwa waliopona, wale walioharakishwa ndo waliobaki wengi zaidi wanategemea mashine, 10.4 kwa mia dhidi ya 6.0. Kwa hiyo kule kutuambia tusubiri ilikuwa ni huduma, na nawapa maksi kwa kutokubali kusukumwa na kelele zetu.

Usiku ule ule hali ikabadilika. Potasiamu ikapanda ikapita 6.5, kipimo cha umeme wa moyo kikaanza kuonesha mistari mibaya, na kifua kikawa kinakoroma maji. Wakampiga kalsiamu ya kulinda moyo, insulini na glukosi ya kusukuma potasiamu iingie ndani ya seli, lakini hizo ni za kununua muda tu, potasiamu haijatoka mwilini, iko mle mle. Ndo wakamwita mama mdogo asaini.

Hapa niseme ukweli mama mdogo alikataa. Akasema yeye anajua watu wawili kijijini waliowekwa mashine, hawakutoka tena kwenye mashine mpaka kaburini. Na hii hofu ipo kila nyumba Tabora, msijifanye. Dokta wa zamu, kijana mdogo tu, alichuchumaa akamwambia, "Mama, shikamoo kwanza. Wale unaowasema figo zao zilikufa polepole kwa miaka, kwa sukari au presha, hizo hazirudi. Za mzee zimezimia ghafla, zilikuwa nzima mwezi uliopita. Hizi zinaweza kurudi. Lakini sikudanganyi, wagonjwa wa ICU wanaofika hatua hii, karibu nusu tunawapoteza, na siyo kwa sababu ya mashine, ni kwa sababu ya huo ugonjwa uliowafikisha hapa." Mama mdogo akanyamaza, akauliza kalamu iko wapi. Mimi nimeshahudumiwa na madaktari wengi hapa mjini na sijawahi kusikia mtu akiambiwa nusu kwa nusu hivo uso kwa uso bila kuzungushwa. Kama uongozi wao unasoma hapa, yule kijana mumtunze.

Wanaweka mpira mnene, ndo katheta yenyewe, kwenye mshipa mkubwa, kwa baba mdogo ulikuwa shingoni upande wa kulia, una njia mbili ndani, moja ya kutoa damu nyingine ya kurudisha, ncha moja nyekundu na nyingine ya bluu. Waliweka kwa kuangalia na ultrasaundi, hawakubahatisha, na baada ya hapo wakapiga eksirei kuhakikisha umekaa vizuri ndo wakaunganisha. Ukiona mahali wanachoma choma shingo kwa kupapasa wakati ultrasaundi iko chumba cha pili, uliza.

Sasa mashine. Nilijua ni kitu cha ajabu kumbe ukiisimamia karibu unaielewa. Kuna pampu inayozunguka inavuta damu, inapita kwenye filta, bomba la plastiki urefu wa kigasha hivi, ndani limejaa maelfu ya nyuzi nyembamba zenye tundu katikati. Damu inapita ndani ya nyuzi, maji maalum yanapita nje kwa kurudi nyuma, uchafu na potasiamu vinavuka ukuta wa uzi kuingia kwenye yale maji na kutupwa, chembe za damu zinabaki kwa sababu hazipiti. Kwa sisi wa Tabora ni kama kuchuja asali ila kinyume, kinachopita kwenye kitambaa ndo takataka na kinachobaki ndo mali. Kwa wakati wowote damu iliyo nje ya mwili ni kidogo, kama robo lita au pungufu, ila kwa mtu ambaye presha yake inashikiliwa na dawa hata hiyo ni nyingi.

Na hapo ndo penye siri ya mgonjwa wa ICU. Hawa wa kawaida wanaokuja mara tatu kwa wiki wanakaa masaa manne, damu inakimbizwa kama mililita 300 kwa dakika, maji yanatolewa haraka, wanaondoka na bodaboda. Ukimfanyia hivo mtu wa sepsisi presha inaanguka na unampoteza palepale. Nchi zenye uwezo wana mashine ya mfululizo, inasafisha polepole masaa ishirini na nne, kila saa kiasi cha mililita 20 mpaka 25 kwa kila kilo ya mgonjwa, na inatumia maji ya mifuko yaliyotengenezwa kiwandani. Hospitali ninayoizungumzia hawana hiyo, na walituambia wenyewe kabla sijauliza. Wanachofanya ni kuchukua mashine ya kawaida na kuiendesha taratibu, damu mililita 150 hivi kwa dakika, masaa nane badala ya manne, siku ya kwanza hata wakaifupisha ikawa masaa machache tu, kwa sababu ukisafisha kwa haraka mtu aliyejaa uchafu ubongo unaweza kuvimba.

Je hiyo ni huduma ya daraja la pili? Mimi nilidhani hivo, nikaingia tena kwenye simu. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unasema mashine ya mfululizo au ya vipindi, yoyote sawa, hamna ushahidi kwamba moja inaokoa zaidi ya nyingine. Na hata wenye mashine za mfululizo walijaribu kuongeza kasi ya kusafisha, Australia na New Zealand walitoa matokeo 2009 kwa wagonjwa zaidi ya 1,500, waliosafishwa kwa nguvu na waliosafishwa kwa kiasi walikufa sawasawa, 44.7 kwa mia kila upande. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba lazima usafirishe mgonjwa anayening'inia kwenye noradrenalini usiku kucha barabarani kufuata mashine nzuri zaidi. Usafiri wenyewe unaweza kummaliza kabla hajafika Shinyanga.

Ila kuna watu wa Dar bana. Binamu yetu mmoja, ana kazi nzuri, akawa anatuma jumbe kwenye grup la ukoo kwamba kuna filta za kisasa za kunyonya sumu ya sepsisi yenyewe, India wanaweka, tuchange. Kila mtu akaanza kulia tuchange. Nikamuuliza dokta, akacheka kwa uchovu, akasema zipo, na wazo lake linavutia, unanyonya vile vichochezi vya uvimbe kwenye damu mwili utulie. Tatizo ni matokeo. Ile ya Kijapani yenye polimiksini ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 450, majibu yakatoka 2018, vifo havikupungua, na ule mwongozo wa 2021 unashauri isitumike. Nyingine ya kunyonya saitokaini, yaani vile vichochezi vya uvimbe, walijaribu Freiburg, Ujerumani, kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mapafu ya mashine, 34 tu, waliowekewa filta walipona 3 kati ya 17, wasiowekewa 13 kati ya 17. Ni utafiti mdogo, siyo wa kufungia kesi, lakini si kitu cha kuuzia ng'ombe. Mchango wetu ukaenda kwenye antibayotiki na filta za kawaida, na binamu alitoa kidogo kuliko wote, nalisema hilo hadharani.

Turudi kwa manesi, maana ndo sababu nimeandika. Usiku ule wa kwanza aliyeshika zamu ni sista mmoja mfupi mnene, sauti ya chini. Aliniruhusu nikae kiti cha mlangoni kwa sababu mama mdogo alikuwa amezidiwa. Kila robo saa anapima presha, anaandika. Presha ikilegea haongezi dawa kwanza, anapunguza kasi ya kuvuta maji, anashusha kidogo joto la yale maji ya mashine, kumbe maji yakiwa baridi kidogo mishipa inabana na presha inakaa. Baba mdogo akaanza kutetemeka, akamfunika blanketi la pili. Kwa kuwa chembe za kugandisha damu zilikuwa chini hawakumpa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, sasa bila heparini damu inaganda kwenye filta, kwa hiyo kila baada ya muda anafunga damu, anasukuma maji ya chumvi, anamulika filta na tochi ya simu kuangalia kama kuna nyuzi zimekuwa nyeusi. Usiku mzima. Alamu inalia, anaibonyeza, anaangalia mpira umekunjwa wapi, anamgeuza mzee shingo polepole, "Baba usiinamie huku, utanifungia njia." Mzee mwenyewe hajui kama yuko duniani lakini anaongeleshwa kama mtu mzima na heshima zake.

Kingine nilichokipenda kama muuza dawa, dozi ya antibayotiki ya usiku haikuchomwa mpaka mashine ilipomaliza. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Kaka, hii nikiichoma sa hivi mashine inaitoa yote, nitakuwa nimeitibu ndoo." Ni kweli, meropenemu na jamaa zake zinatoka na maji. Sehemu nyingi hili linasahaulika na mgonjwa anakaa bila dawa kwenye damu huku kwenye faili imeandikwa amepewa.

Afu umeme ukakatika. Saa nane kasoro usiku, giza, ile sauti ya mashine zote kulalamika kwa pamoja. Betri ya mashine ya damu ilipaswa kushika dakika kadhaa, ikashika kidogo sana ikazima. Damu ikisimama kwenye mipira inaganda, ikiganda huirudishi, mgonjwa amepoteza. Sista hakupiga kelele. Alifungua kifuniko cha pampu, akachomoa kimkono kilichobanwa nyuma ya mashine, akakichomeka akaanza kuzungusha kwa mkono, taratibu, mzunguko mmoja mmoja, simu yenye tochi ameibana kwa kidevu, huku anamwelekeza mwenzake ashike mfuko wa maji ya chumvi juu ili damu yote irudi. Mimi nikashika tochi. Jenereta ilipokuja kuwaka damu ilishamalizikia mwilini, mipira ikawa myeupe ya maji tupu. Akapima presha, akaandika, akakaa kusubiri ili aanze upya. Jenereta isiyojiwasha yenyewe hospitali yenye ICU ni aibu, na betri ya mashine inatakiwa ibadilishwe kabla haijachoka, hilo nalikata maksi. Lakini yule sista, jamani.

Maji pia msiyachukulie poa. Mashine hii inakunywa, piga hesabu, maji mililita 300 kwa dakika kwa masaa nane ni lita 144 kwa mgonjwa mmoja, na siyo maji ya bomba hivi hivi, lazima yapite kwenye mtambo wa kuchuja, klorini itolewe maana ikiingia inapasua chembe nyekundu za damu. ICU wana mtambo mdogo wa magurudumu wanauunganisha na bomba la sinki, na kila kabla ya kuanza walipima klorini kwa kijiti, niliona kwa macho. Wakongwe mnakumbuka Tabora ya Igombe na ndoo, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika na kuzinduliwa 2021, mimi sielewi enzi zile wangefanyaje. Hata sa hivi presha ya bomba ikishuka mtambo unagoma, ilitokea asubuhi moja wakachelewa kuanza mpaka tenki likajaa. Si kosa kubwa ila waweke tenki la ICU peke yake.

Nilipokuwa nasubiri pale chini ya miembe nilisoma kwamba aliyetengeneza mashine ya kwanza ya hivi iliyofaa kweli kutibu watu ni daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, 1943, katikati ya vita nchi yao imekaliwa na Wajerumani, akatumia utando wa selofani wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Wa kwanza kupona alikuwa mama wa miaka 67, mwaka 1945. Nikamsomea shangazi, akasema kumbe nao walianzia kwenye vifaa vya jikoni, akatulia kidogo siku hiyo.

Haya, dirisha la malipo. Hapa ndo nyota zinapotelea. Mgonjwa wa ICU bili yake ina mistari mingi, kitanda, oksijeni, vipimo, katheta peke yake, filta peke yake, mipira ya damu peke yake, na kila kipindi cha mashine. Baba mdogo hana bima, na hela yake ya tumbaku ilikuwa bado iko kwenye hesabu za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nani asiyejua hayo. Hatukuomba bure, tulitaka tu kujua kesho tulete kiasi gani. Dirishani unaambiwa "subirini mfumo", ukirudi unaambiwa nenda ICU wakuandikie, ICU wanakwambia wameshatuma, ukirudi tena aliyekuwepo ametoka na aliyeingia hajui. Usiku wa kwanza tuliambiwa filta haijalipiwa kwa hiyo stoo haitoi, dirisha limefungwa, tufanyeje, mpaka yule dokta kijana alipopiga simu kwa mtu wa juu ikatolewa kwa dharura. Hilo liliisha vizuri lakini kwa mtu mwenye potasiamu ya vile kila dakika ni maisha, na asiyekuwa na dokta wa kumpigia simu mkubwa angesubiri asubuhi. Pia kuna yule dada wa dirishani anayeongea na watu huku anatazama video, mama mdogo kamsalimia mara mbili hajaitikiwa, mtu mzima wa miaka yake. Dada, kusalimiana hakuna bili.

Na bili ya mwisho ilikuwa imeandika kipindi kimoja cha mashine zaidi ya vilivyofanyika, wamehesabu kile kilichokatishwa na umeme kama viwili. Tulibishana, wakaangalia daftari la ICU, wakakubali wakakata. Daftari la sista ndo lilituokoa tena. Kwa hiyo shika karatasi yako, andika kila siku mashine imewashwa saa ngapi imezimwa saa ngapi.

Mzee alianza kukojoa wiki iliyofuata. Mwanzoni kidogo, afu yakaja mengi mno mpaka wakawa wanamrudishia kwa dripu, wanasema figo zikiamka zinamwaga kwanza bila kuchuja vizuri. Mashine ikasimamishwa, kreatinini ikashuka yenyewe, katheta ikatolewa, akahamia wodi ya kawaida. Kitanda cha jirani yake kulikuwa na dada aliyetoka kujifungua akavuja damu sana, figo zikagoma vilevile, yeye hakupona, na ndugu zake walikuwa watu wema sana tulikuwa tunapeana uji. Kwa hiyo nikisema manesi nyota tano sisemi kwa sababu wetu alipona, niliona wakimhangaikia yule dada sawasawa na mzee wetu mpaka dakika ya mwisho.

Wa chakula wodini walimkataza ndizi, maharage na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa muda kwa ajili ya potasiamu. Mzee wa Urambo unamkataza michembe! Alilalamika kuliko alivyolalamika sindano. Amerudi kijijini, anakuja kupima kreatinini kila anapoambiwa, diklofenaki kapigwa marufuku maisha yake yote na mimi ndo nimepewa kazi ya kuhakikisha.

Ukienda pale na mgonjwa mahututi, uliza mapema mambo haya: kama mashine itaendeshwa polepole na nani atakaa nayo usiku, kama filta na katheta viko stoo au vinatafutwa, dozi za antibayotiki zitachomwa kabla au baada, na mwombe dokta akwambie sababu ya kuanza au ya kusubiri, wanaeleza wakiulizwa kwa adabu. Peleka ndugu wenye nguvu wachangie damu kabla hamjaombwa. Kwa watoto wadogo na sehemu zisizo na mashine kuna njia ya kusafishia tumboni, wanaingiza maji maalum tumboni kwa mpira na kuyatoa, haihitaji umeme wala mtambo wa maji, na KCMC Moshi wameshaitumia kwa wagonjwa wa figo za ghafla, niliuliza hapa wakasema hawajaanza, wangeanza ingesaidia wengi wa wilayani.

Wakiweka dirisha la malipo la usiku na jenereta inayowaka yenyewe narudi kubadilisha ziwe tano. Kwa sasa ukienda usiku beba keshi, mtandao wa simu mle ndani unasumbua na wakala wa karibu anafunga mapema.